Kinundu kwenye pafu: usitoke bila CD yako

Wasomaji, leo tuongee CT. Kila pikseli ya picha ile ni namba tu, kwa kipimo cha Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1000. Kinundu cha pafu kikizidi 200 hivi, aghalabu kina chokaa. Na kikijaa chokaa chote, kwa kawaida ni kovu la zamani, kwa mfano la TB, ugonjwa usio mgeni hapa Kenya. Chenye ukungu chaweza kuwa maambukizi ya kupita, au saratani inayoanza polepole.

Ila namba peke yake hudanganya. Picha ikikatwa vipande vinene, kinundu kidogo huchanganywa na hewa inayokizunguka, kikaonekana chepesi kuliko kilivyo. Muda ni shahidi bora: kinundu kigumu kisichokua kwa miaka 2 mara nyingi si saratani.

Kwa hiyo, maoni yangu: ukipigwa CT, uwe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, usirudi nyumbani na karatasi ya ripoti pekee. Omba CD yenye faili za DICOM, zile za vipande vyembamba, uitunze. La sivyo, mwakani daktari atalinganisha na nini?