Uzio wa Mti Mkubwa

Shoga zangu, fungate letu tulilimalizia barabarani huko Marekani, mimi na mume wangu na gari la kukodi. Tulipofika California tukapanda milima hadi Sequoia National Park kuutazama General Sherman, mti mkubwa kuliko yote duniani kwa ujazo wa shina. Kimo chake mita 83, umri wake zaidi ya miaka 2,000. Subhanallah! Shingo iliniuma kwa kutazama juu.

Gome la miti hii hufikia unene wa sentimita 60, ndiyo maana umepitiwa na mioto mingi na bado umesimama. Lakini umewekewa uzio, kwa sababu mizizi yake haiendi chini sana, na nyayo za wageni hushindilia udongo wake.

Nikaiwaza ndoa. Bi harusi huusiwa sana kuhusu moto: maradhi, ukata, kukosa mtoto. Nyayo hazitajwi: shoga anayetaka kujua mligombania nini, wifi anayepekua simu yako, wewe mwenyewe unayesimulia ya chumbani.

Kuweka uzio si kiburi, mwali. Wageni wakaribishe kwa moyo mmoja, ila siri zenu zibaki zenu wawili.