Maumivu ya mguu si ya kufichwa

Ndugu mfanyakazi, jino likiuma unakwenda kwa munganga bila haya. Lakini goti likiuma unanyamaza, unafunga kitambaa, unashuka kazini. Unaogopa wenzako waseme wewe ni mvivu, tena unahesabu siku zitakazokatwa. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo ni mbaya.

Kazi yetu tunaijua. Mwenye kuchimba chini ya ardhi, kule Kipushi ao Kamoto, anainama, anabeba, anapiga magoti. Jioni viungo vinachoka. Uchovu wa namna hiyo unapungua ukipumzika siku mbili tatu.

Kuna dalili nyingine zisizongoja kesho. Ya kwanza: kiungo kimevimba, kina moto, na mwili una homa. Vijidudu vinaweza kuwa ndani yake, navyo huharibu kiungo kwa siku chache tu. Ya pili: umeanguka ao umepigwa na jiwe, na huwezi kukanyaga. Ya tatu: miguu inakufa ganzi, na mkojo unatoka wenyewe. Hapo mgongo ndio umeumia. Ya nne: shavu la mguu mmoja limevimba na linauma, hasa baada ya kulala kitandani siku nyingi. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa.

Mama wa nyumba, mguu wa bwana yako ukivimba hivyo, usiukande, wala usiite mtu wa kuchanja. Bonge la damu likitoka mahali pake linaweza kufika katika mapafu na kuua. Na mtoto anayelia mara kwa mara kwa maumivu ya mikono na miguu, usiseme amelogwa. Apimwe damu, maana ugonjwa wa SS ni mwingi katika Kongo.

Maumivu madogo yasiyokwisha kwa majuma mawili, yaonyeshe pia dispanseri. Kama ni ajali ya kazi, mwambie kapita siku ileile iandikwe. Bila maandishi, kudai haki yako kwa CNSS ni shida.

Nanyi makapita, msimcheke anayechechemea. Mwenye mguu mbovu hawezi kukimbia jiwe likianguka, na mwenzake atarudi kumchukua. Hapo wawili wako hatarini.

Ndugu, siku mbili za kupumzika zitalipwa kwa kazi ya kesho. Mguu uliokatwa hauoti tena.