DAMU HAIULIZI KABILA

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini methali hiyo yamhusu yule ayajuaye maradhi yake na kuyaficha. Je, yule asiyejua ana nini mwilini, na wazazi wake hawajui, na mwalimu wake pia hajui, yeye tumweke wapi? Huyo hafichi kitu. Huumbuliwa tu bila kosa. Ndiyo sababu mwaka huu nimeishika kalamu niandike juu ya ugonjwa wa selimundu, au kama wengi tunavyouita tukizungumza, sikoseli.

Rai yangu naisema mapema nisije nikakuchosha. Kila mtoto anayezaliwa Kenya, awe wa ziwani, wa Pwani, wa bondeni au wa milimani, apimwe himoglobini yake akiwa bado mchanga. Na sisi vijana tulio shuleni tuijue hali yetu mapema, kabla mambo ya ndoa hayajatufikia.

Nikiwaambia wenzangu hivyo bwenini, jibu huwa ni lile lile: "Aah, wewe nawe! Hiyo si ni ya watu wa Kisumu na Busia? Sisi kwetu haiko." Wengine huongeza watu wa Pwani, basi wakajifunika blanketi wakalala. Neno hilo "kwetu haiko" ndilo ninalotaka kupambana nalo leo.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe ni nini. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuisambaza mwilini. Himoglobini ya mtu mzima ina nyuzi nne, mbili za alfa na mbili za beta. Uzi wa beta ni kama ushanga wenye punje 146 za asidi amino. Mwenye jeni ya selimundu ana punje moja tu iliyobadilika, ile ya sita: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Punje moja kati ya 146! Aliyeligundua jambo hilo ni Vernon Ingram, huko Cambridge, Uingereza, kati ya mwaka wa 1956 na 1957. Kwa sababu ya punje hiyo, himoglobini ikishaachilia oksijeni hushikamana, na chembe ambayo ilikuwa laini na mviringo hujipinda kama mundu. Mundu hizo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo mifupa huuma hadi mtu akalia kama mtoto. Tena hazidumu. Chembe nzima huishi siku 120 hivi, nazo hizi hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Sasa turudi kwa wale wa "kwetu haiko". Mwaka wa 1949, kijana mmoja aitwaye Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyelelewa hapa hapa Kenya, alizunguka nchi hii akipima damu za watu. Alikuta kwamba karibu na Ziwa Victoria na huko Pwani, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba jeni ya selimundu. Milimani na kwenye nchi kavu hakupata hata mtu mmoja kwa kila 100. Mtu mwingine angesema, "Hii ni damu ya makabila fulani," akafunga daftari. Allison hakufanya hivyo. Alijiuliza, mahali hapa pana nini ambacho kule hakipo? Jibu lilikuwa mbu. Mwaka wa 1954 alichapisha maelezo yake kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria. Utafiti uliofanywa baadaye Kilifi umeonyesha kwamba kinga hiyo hufika kiasi cha asilimia 90 kwa malaria kali. Basi penye malaria nyingi waliobeba jeni hiyo walipona wakazaa, na jeni ikaenea.

Kwa hivyo, wenzangu, tusikilizane. Aliyeichagua jeni hii ni malaria, na mbu hamwulizi mtu kabila lake kabla ya kumwuma. Selimundu iko Ugiriki, iko kusini mwa Italia, iko Uturuki, Saudia na India. Hao nao ni watu wa Kisumu?

Isitoshe, wataalamu walipochunguza sehemu za kromosomu zinazoizunguka jeni hiyo, walizigawa katika mafungu makuu matano: la Senegali, la Benin, la Kameruni, la Kibantu, na la Uarabuni na India. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba badiliko lile lilizuka mara kadhaa, kila mahali kivyake. Lakini mwaka wa 2018 Daniel Shriner na Charles Rotimi walieleza, baada ya kusoma jeni za watu wengi kwa ukamilifu, kwamba yaonekana chanzo ni kimoja: mtu mmoja aliyeishi Afrika yapata miaka 7,300 iliyopita, wakati Sahara ilikuwa na mvua na nyasi. Ikiwa ni hivyo, basi Mwarabu, Mhindi, Mluo na Mgiriki wenye jeni hii wana babu mmoja. Mambo hayo!

Na tofauti hizo si hadithi tu, zina maana kwa mgonjwa. Wenye fungu la Uarabuni na India mara nyingi hubaki na himoglobini nyingi ya utotoni, na hiyo huwapunguzia makali. Wenye fungu la Kibantu, ambalo ndilo limeenea kwetu, kwa kawaida hawana bahati hiyo. Tena huko Pwani kuna hitilafu nyingine ya kurithi iitwayo thalasemia ya alfa, na ni ya kawaida sana. Nayo pia hukinga dhidi ya malaria kali. Ungedhani aliyerithi zote mbili ana ngao mbili, sivyo? Mwaka wa 2005 watafiti wa Kilifi, Thomas Williams akiwa mbele yao, walionyesha kinyume: zikikutana ndani ya mtu mmoja, kinga ile hupotea. Hapo utaona kwamba kumtazama mtu uso, au kumwuliza jina la pili, hakuwezi kukuambia kilicho ndani ya damu yake. Dawa ni moja tu, kumpima.

Kuna jambo lingine linaloniudhi, nalo ni lawama. Mtoto akiugua ugua, mama huambiwa ukoo wao una laana, au amerogwa na mke mwenzake. Nimeyasikia haya kwa masikio yangu. Jamani! Mtoto hawi na ugonjwa huu mpaka arithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi wote wakiwa na jeni moja moja, yaani AS, kila mimba ina nafasi ya asilimia 25 ya mtoto mgonjwa wa SS, asilimia 50 ya mbebaji kama wao, na asilimia 25 ya asiye na jeni hiyo kabisa. Nasisitiza, kila mimba. Wengine hudhani kwamba akishazaliwa mmoja mgonjwa, basi watatu wanaofuata wako salama. La hasha! Ni kama kurusha shilingi. Shilingi haikumbuki ilivyoanguka jana.

Sasa kipimo. Hapa pia pana kuchanganyikiwa kwingi. Kuna mtu atakuambia, "Mimi nilipimwa, niko O." Ndugu yangu, hiyo ni grupu ya damu, haihusiani na habari hii. Mwingine alipimwa kwa ile njia ya zamani, damu ikachanganywa na dawa ya kuondoa oksijeni ili ionekane kama chembe zitajipinda. Kipimo hicho husema tu kwamba jeni ya selimundu imo. Hakisemi kama ni moja au ni mbili, kwa hivyo mbebaji mwenye afya yake aweza kurudi nyumbani akilia kwamba yeye ni mgonjwa. Tena kwa mtoto mchanga chaweza kudanganya, kwa sababu mtoto huzaliwa na himoglobini nyingi ya utotoni inayoficha ile nyingine kwa miezi kadhaa. Kipimo cha kutegemewa ni kile kinachozitenganisha himoglobini zenyewe, mathalani elektroforesisi, inayotumia umeme. Na siku hizi kuna vipimo vidogo vya haraka: tone moja la damu kutoka kisiginoni mwa mtoto, na kwa dakika chache jibu la AA, AS au SS linaonekana. Hakuna haja ya maabara kubwa.

Kwa nini nashikilia sana watoto wachanga? Kwa sababu kila mwaka duniani huzaliwa watoto zaidi ya 300,000 wenye ugonjwa huu, na wengi wao ni wa Afrika hii yetu, kusini mwa Sahara. Wataalamu wamekuwa wakikadiria kwamba nusu yao au zaidi hufa kabla ya miaka mitano, wengi bila mtu kujua walikufa kwa nini. Itasemwa ni homa, itasemwa ni kijicho. Lakini mtoto akijulikana mapema hupewa penisilini kila siku, chanjo, na dawa ya kuzuia malaria, na mama hufundishwa kupapasa bandama ili ajue ikianza kuvimba. Jamaika walianza kupima watoto wachanga mjini Kingston mwaka wa 1973. Ghana walianza Kumasi mwaka wa 1995. Marekani, kufikia mwaka wa 2006 majimbo yote yalikuwa yakipima. Kwetu bado si jambo la kila hospitali.

Na usiniambie kwamba hata tukijua hakuna dawa. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Uganda na hapa Kenya, na kuchapishwa mwaka wa 2019, ulionyesha kwamba watoto waliopewa kidonge cha haidroksiyurea walipungukiwa na maumivu, wakaongezwa damu mara chache zaidi, na vifo vikapungua. Hata malaria iliwapata kidogo. Kweli, mwaka wa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni yenyewe. Bei yake kule Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tukiingoja hiyo, tutangoja sana. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu unazibwa kwa tone la damu.

Najua pingamizi zitakuja. Wengine watasema kwamba kupimana kutaleta unyanyapaa, msichana aliyebeba jeni atakosa mume. Hoja hii ina uzito, siidharau. Ndiyo maana nasema jibu liwe siri ya mwenyewe na wazazi wake, wala lisibandikwe ubaoni kama matokeo ya mtihani. Lakini kutojua hakujawahi kumwondolea mtu jeni. Wabebaji wawili wakipendana na wakaamua kuoana, ni haki yao, ila waamue macho wazi, wakijua kwamba mtoto wao atahitaji kupimwa siku ya kwanza. Wengine watalia gharama. Nami nawauliza, wamehesabu gharama ya kulazwa hospitalini mara sita kwa mwaka, na ya jeneza dogo?

Namalizia na shule, kwa sababu ndiko tuliko. Katika shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja, kulikuwa na mvulana aliyeitwa mvivu kutoka darasa la kwanza. Akichelewa gwarideni, alizungushwa uwanja. Asubuhi ya baridi alirushiwa maji kama wengine. Akianguka, alicheka kila mtu. Alipimwa mara ya kwanza akiwa darasa la saba, akaonekana ni SS. Baridi, kiu na kukimbia mpaka pumzi iishe, vitu hivyo vitatu ndivyo huchochea maumivu ya selimundu, na ndivyo alivyokuwa akipewa kama adhabu, miaka sita mfululizo, na watu waliodhani wanamnyoosha.

Basi nawaomba walimu wetu, kwa heshima zote, mambo manne. Mwanafunzi akijiunga, fomu ya afya iulize habari ya himoglobini. Mwenye selimundu aruhusiwe maji ya moto ya kuoga, sweta ya ziada, na chupa ya maji darasani. Asilazimishwe mbio za nyika. Na akilalamika kwamba mifupa inamwuma, apelekwe kwa nesi kwanza, maswali yafuate baadaye.

Nasi wanafunzi tuna letu. Katika somo la Bayolojia tunachora yale masanduku manne ya AA, AS, AS na SS, tunapata alama zetu, tunafunga kitabu. Sanduku lile la nne ni mtu. Huenda analala kitanda cha juu yako, na anatoka kule unakosema kwamba haiko.