Ushindi wa Warsaw Ulianza Hanoi

Wako watu wasemao ya kuwa taifa maskini halina haja ya kufundisha muziki wa piano. Lingoje kwanza hata matumbo yashibe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani fedha ya umma ni jasho la wafanyakazi. Lakini sisi twaona kuwa Vietnam ilikwisha kuijibu.

Mjini Warsaw, Polandi, tangu mwaka 1927 vijana wapigao piano hushindana katika kazi za mtunzi Chopin. Hata kufikia mwaka 1980 hapakuwa na mtu wa Asia aliyepata kuwa wa kwanza. Mwaka huo tuzo ilitwaliwa na Đặng Thái Sơn wa Hanoi, kijana wa miaka 22. Lakini lililovuma zaidi ni ugomvi wa waamuzi: Martha Argerich alijiuzulu kwa kuchukizwa na kuondolewa kwa Ivo Pogorelić wa Yugoslavia. Kelele hizo zikalifunika jambo lililo kubwa zaidi.

Jambo lenyewe ni hili. Vita vya kuwaondoa Wafaransa vilikwisha mwaka 1954. Mwaka 1956, nchi ikiwa bado na majeraha, chuo cha muziki kikafunguliwa Hanoi. Miongoni mwa waasisi wake alikuwa Thái Thị Liên, mama yake Sơn, ambaye ndiye aliyemfundisha mwanawe. Mabomu ya Marekani yalipoanza kuanguka, chuo kilihamia kijijini, na masomo yakaendelea. Baadaye mwalimu wa Kirusi, Isaac Katz, alikitambua kipaji cha kijana huyo, naye akapelekwa kusoma Moscow. Basi ushindi wa saa chache jukwaani ulikuwa ni mavuno ya miaka 24.

Hata hivyo, tuzo moja haijengi chuo. Sơn alifanya makao yake Kanada, na mwaka 2021 mwanafunzi wake, Bruce Liu, alishinda mashindano yale yale kwa jina la Kanada. Hatumlaumu mtu, elimu humfuata mwalimu aendako.

Kwa hiyo twasema: taifa lipendalo kusikia jina lake likitajwa mbele ya mataifa lisianze kwa kutafuta kijana wa kupeleka mashindanoni. Lianze kwa chuo na mshahara wa mwalimu, wala lisichoke makofi yanyamazapo.