Ilimba Haijatoka Kwenye Kii

Kila baada ya miezi kadhaa huibuka mtu mzima, aghalabu mwenye santuri nyingi nyumbani, akatangaza kwamba kompyuta imeua muziki. Eti zamani watu walipiga gitaa, siku hizi kijana anabofya. Makala hizo nimezisoma nyingi, na moja mhariri wangu wa zamani aliniagiza niiandike (sikuiandika). Zina uchungu wa kweli ndani yake, lakini mtuhumiwa wanayemshika siye.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana wanaokilaumu mara nyingi hawajui kinavyofanya kazi. Sampla haitungi sauti. Mtu ameketi mbele ya kinanda halisi, amepiga noti moja polepole, akairudia kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi, huku maiki ikirekodi. Ameendelea hivyo hivyo na noti nyingine, moja baada ya moja. Rekodi zote hizo zimepangwa kwenye programu, kila moja kwenye kitufe chake, na ukibonyeza kwa nguvu unasikia ile iliyopigwa kwa nguvu. Basi. Ndani ya kila ala ya kompyuta kuna binadamu aliyepiga ala, mahali fulani, siku fulani, kwa malipo fulani. Msomaji aishike sentensi hiyo, nitairudia.

Na kelele hizi ni za siku nyingi. Mwaka 1963 Waingereza waliingiza sokoni Mellotron, kinanda ambacho kila kitufe kilivuta utepe wenye sauti ya fidla au filimbi iliyorekodiwa, sekunde nane hivi kisha utepe umekwisha. Chama cha wanamuziki kikalalamika kwamba wapiga fidla watakosa kazi. Mwaka 1979 Australia wakatoa Fairlight, iliyofanya kazi hiyo kwa dijitali na kuuzwa kwa bei ya nyumba. Leo kazi ile ile inafanywa na laptopu ya mkopo. Fidla zipo bado.

Anayedhani programu inamlazimisha mtumiaji kuiga Ulaya, aende Mburahati au Manzese. FL Studio ilitengenezwa Ubelgiji, na sidhani kama waliokuwa wakiitengeneza waliota singeli. Vijana wa uswahilini walichukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza hadi mapigo 200 kwa dakika na zaidi, wakatoa kitu ambacho hakuna Mbelgiji aliyekiomba. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, na Ulaya ikaanza kuja kwetu kujifunza. Vijana wale hawakusubiri ruhusa, wala hawakuuliza kama kubofya ni sanaa. Mshairi naye haulizwi kama ametumia kalamu au simu.

Sasa mbona bado nina hasira?

Mwaka jana nilikuwa studio moja hapa Dar, sitaitaja, nikifuatilia kurekodiwa kwa wimbo ambao mwenyewe alitaka uwe na "vionjo vya Kigogo". Wakamwita mzee mmoja kutoka Dodoma na ilimba yake, ile marimba ya mkono yenye vyuma. Mzee akapiga. Prodyuza akaweka kodi za kinanda chini yake, akakunja uso, akasema, "Mzee shikamoo, lakini hii kitu yako imetoka kwenye kii." Mzee akajibu kwa upole kwamba ameitengeneza mwenyewe na iko sawa. Wakajaribu mara mbili tatu. Mwishowe mzee akapewa nauli na soda, na kwenye wimbo ikawekwa sauti iliyotoka kwenye folda ya kompyuta. Folda hiyo ilikuwa na jina moja tu: "Africa". Ndani yake kulikuwa na "Kalimba".

Tuizungumze hiyo kalimba, maana hapo ndipo penye kichekesho chenye machungu. Kalimba inayouzwa duniani kote, ile ya kibao kidogo inayojaa kwenye programu hizi, ilianza kutengenezwa kiwandani Afrika Kusini miaka ya 1950 na Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki. Alifika hadi kwa Wagogo. Ala aliyoiuza aliitoa kwenye familia ya marimba zetu za mkono, lakini akaipanga kwa ngazi ya kizungu, do re mi, ili mnunuzi wa London aweze kuipiga bila kushtuka. Kwa hiyo prodyuza wetu alimtoa mzee wa Kigogo studio akaingiza ala ya Mwingereza, kisha wimbo ukaenda redioni kama muziki wa asili wa Dodoma.

Na ilimba haikuwa imetoka popote. Kinanda hugawa oktava vipande 12 vilivyo sawa, mapatano ambayo Wazungu waliyafikia kwa sababu zao. Wagogo walisikiliza kitu kingine: ngazi ya sauti inayozaliwa yenyewe uzi unapotetema. Kwenye ngazi hiyo sauti ya saba iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Hukwe Zawose alipita majukwaa ya dunia na ngazi hiyo hiyo, na sijasikia kwamba kuna ukumbi uliomwambia akatyuni upya. Taarabu ya Unguja nayo ina sauti zinazokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Mpiga kanuni anazijua kwa vidole.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sampla ingeweza kumsaidia mzee. Sampla nyingi hukuruhusu kushusha au kupandisha kila noti peke yake, hatua ndogo ndogo, mia moja ndani ya nusu toni. Ni kazi ya dakika kumi. Prodyuza angeweza kukisogeza kinanda kimfuate mzee. Programu ilifunguka ikiwa kwenye mpangilio wa kiwandani, na hakuna mtu pale aliyefikiri kwamba mpangilio ule ni maoni ya mtu fulani. Huo ndio ugomvi wangu. Mashine haina ubishi, inatii. Sisi ndio tunaoitii.

Basi turekodi ala zetu. Chukua ilimba ya vyuma 36. Kila chuma kipigwe kwa nguvu nne tofauti, kila nguvu mara tatu ili isisikike kama kasuku. Hizo ni rekodi 432. Kwa maiki nzuri na chumba kisicho na bodaboda dirishani, ni siku mbili, tatu ukiweka chai. Mvumo wake usisafishwe, ni sehemu ya ala. Ngazi yake iachwe ilivyo, na anayetaka do re mi aivuruge mwenyewe kwa gharama yake. Bagamoyo kuna TaSUBa, Unguja kuna chuo cha DCMA; walimu wapo, ala zipo. Sioni kwa nini kazi hii isubiri mfadhili.

Ila nirudi kwenye ile sentensi ya mwanzo, kwamba ndani ya kila ala ya kompyuta kuna mtu. Biashara ya maktaba za sauti kwa kawaida humlipa mpigaji mara moja, kisha sauti yake inauzwa kwa yeyote, miaka yote. Tukiiga na hilo tutakuwa tumebadilisha mwenye folda tu. Mzee asaini mkataba aliosomewa kwa lugha anayoielewa, apate fungu kila nakala inapouzwa, na akifa fungu liende kwa wanawe. Na faili lisiitwe "Africa 03". Liandikwe ilimba, jina la aliyeichonga, na kijiji chake.