Mioto Miwili, Jina Moja

Tulikuwa darasani hapa Kampala mwanafunzi mmoja alipotuuliza: "Mwalimu, hiyo nyuklia itakayojengwa Buyende, ndiyo ile iwakayo katika jua?" Tulimjibu kwamba hilo ni swali la mwalimu wa fizikia. Jibu letu lilikuwa la aibu, na twaandika makala haya kulikanusha.

Kwa muda mrefu sisi walimu wa Kiswahili tumeridhika na neno moja, "nyuklia", kama kwamba lajitosheleza. La hasha! Katika neno hilo mmefichika mioto miwili isiyofanana. Wa kwanza ni wa kupasua: kiini cha atomu nzito ya uraniamu hupasuliwa, na nguvu ikatoka. Huo ndio uendeshao mitambo ya leo, na ndio serikali ya Uganda iukusudiao huko Buyende, ikilenga megawati 1,000 za kwanza ifikapo mwaka 2031. Wa pili ni wa kuunganisha: viini vyepesi vya haidrojeni hushikamanishwa kwa joto kali mno hata vikazaa kiini cha heliamu. Huo ndio moto wa jua, na hadi leo hakuna kituo duniani kiuzacho umeme wake.

Si kwamba haujatafutwa. Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, Uchina, Japani, Uhindi na Korea ya Kusini zilitia sahihi mkataba mwaka 2006 wa kujenga mtambo wa ITER huko Cadarache, Ufaransa. Humo gesi itapashwa moto kufikia digrii milioni 150, na kwa kuwa hakuna chungu kiwezacho kuuhimili, itashikwa hewani kwa nguvu za sumaku. Mtambo ulitazamiwa kuwashwa mwaka 2025. Lakini mwaka 2024 wenyewe walitangaza kwamba utafiti utaanza 2034, na moto halisi, wa haidrojeni nzito za aina mbili, utangoja hadi 2039. Tena ITER ni ya majaribio tu: haitawasha hata taa moja ya mjini.

Mgala muue na haki yake mpe. Desemba 2022, maabara ya Livermore, Marekani, ilipiga tembe ya haidrojeni kwa miale ya leza yenye megajuli 2.05 ikavuna megajuli 3.15. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, leza zenyewe zilikula umeme mwingi kuliko mavuno hayo mara nyingi.

Yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Asiye na maneno mawili hawezi kuuliza maswali mawili. Atakuja mtu kijijini, ausifu moto wa kupasua kwa sifa za moto wa jua, na mwananchi asijue kuuliza taka zenye mionzi zitazikwa wapi. Atakuja mwingine na ahadi za jua la kesho, tuache kutunza mabwawa yetu ya leo. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Wako wasemao kwamba Kiswahili cha Uganda kingali kichanga, kimalize kwanza salamu na bei za sokoni. Wamesahau kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere toka 1952 hadi 1962, na kwamba bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954 katika miaka hiyo hiyo. Na Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima, halikusema ni kwa ajili ya salamu tu.

Basi, ndugu walimu, tuseme "mpasuko wa viini" na "muungano wa viini", na tuketi na wenzetu wa fizikia tuyafundishe pamoja. Na yule mwanafunzi tumemwita tena. Tumemwambia: "La, mwanangu. Wa Buyende ni moto wa kupasua. Wa jua ni wa kuunganisha, na bado watafutwa." Naye akauliza taka za huo wa kupasua zitawekwa wapi.