Kiwanja Kimoja, Wenyewe Wawili

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya kupima na kugawa viwanja,

Habari za kazi zako nyingi nimekwisha kuelezwa na wasaidizi wako pale mlangoni, hata sina shaka nazo tena. Jina la ofisi yako sitaliandika, wala lako. Katika nchi hii wapo wengi wanaopima, wanaogawa na wanaotoza, na yule ambaye maneno haya yatamchoma atajijua mwenyewe.

Kadhia yenyewe unaifahamu, maana faili lake liko kwako, au ndivyo nilivyoambiwa kabla halijaanza kutafutwa. Nilipostaafu ualimu, baada ya kufundisha Iringa na kisha hapa Mbeya, nilichukua sehemu kubwa ya kiinua mgongo changu, ambacho kikokotoo cha mafao kilikuwa kimekwisha kukimega kabla hakijanifikia, nikalipia kiwanja kilichopimwa upande wa Uyole, nikapewa barua ya toleo yenye mhuri, nikaonyeshwa bikoni zangu, nikajenga msingi wa mawe na kupanga matofali ya kuchoma kando yake. Siku nilipofika na fundi ili tuanze kuinua kuta, nilimkuta muungwana mwingine, kijana mfanyabiashara wa viazi, ameshika barua ya toleo ya kiwanja kilekile, nambari ileile, kitalu kilekile, mhuri uleule. Tofauti ilikuwa tarehe tu, kwani barua yake ilikuwa changa kuliko yangu. Stakabadhi alikuwa nazo zote, tena amezihifadhi vizuri kuliko mimi mwalimu.

Tangu siku hiyo mimi bado ni mpangaji. Naomba, Mheshimiwa, ulizingatie jambo hili kuliko mengine yote nitakayoyasema, kwa kuwa hayo mengine naweza kuyastahimili. Mtu aliyemaliza miaka yake ya utumishi katika nyumba za serikali na vyumba vya kukodi, akijipa moyo kwamba uzeeni atalala chini ya paa lake, leo anaishi katika chumba na sebule kule Mwanjelwa, na kila ifikapo nusu ya mwaka humpelekea mwenye nyumba kodi ya pango ya miezi sita mbele, kutoka katika pensheni ambayo haikukadiriwa kwa ajili hiyo. Wakati huohuo ofisi inanidai kodi ya ardhi ya kiwanja kile nisichoruhusiwa kukijenga, nami nimekuwa nikiilipa. Nalipa kodi mbili, Mheshimiwa, kwa nyumba moja ambayo haipo. Na kwa kuwa yule kijana naye analipa kodi ya ardhi hiyohiyo, nakiri kwamba sijapata kusikia ardhi yenye rutuba kama ile, inayovunwa mara mbili kwa mwaka bila ya mtu kupanda kitu.

Juu ya hayo nilipokea ilani. Labda hukuisoma kabla haijapelekwa, maana nasita kuamini kwamba mtu mwenye akili timamu aliisoma kisha akaitia sahihi. Ilani hiyo ilinikumbusha, kwa lugha kali kidogo, kwamba masharti ya umiliki yanamtaka aliyepewa kiwanja akiendeleze ndani ya miezi 36, na kwamba nikishindwa kufanya hivyo huenda nikanyang'anywa. Aliyenizuia kujenga ananionya kwa kutojenga! Mwenzangu naye alipata ilani ya namna hiyo, tukazisoma pamoja tukinywa chai, kwa sababu licha ya kila sababu mliyotupa ya kuchukiana, tumekuwa marafiki.

Nikija kwenye majibu niliyopewa, yalikuwa mengi na ya aina mbalimbali: mpima yuko safari, faili limepelekwa kwingine, mfumo unahamishwa kutoka makaratasi kwenda kompyuta. Hayo yote nayaacha. Jibu ambalo siwezi kuliacha ni lile la mwisho, kwamba mimi na kijana yule twende tukashitakiane katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mheshimiwa, tushitakiane kwa kosa gani? Yeye hakuvamia kwangu, wala mimi sikuvamia kwake. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka 1999, imetamka kwamba ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya raia. Wala halikuwa neno geni kabisa, maana hata sheria ya wakoloni ya mwaka 1923 ilikuwa imekwisha kumpa Gavana uwezo wa kutoa haki ya kukalia ardhi. Katika zama zote mbili daftari la nani kapewa nini limo mikononi mwa mgawaji, si mikononi mwa mgawiwa. Mwenye kujua ni barua ipi sahihi ni wewe, na mwenye kueleza ya pili ilitokaje ni wewe. Nasi unatutuma tukatoleane jasho mbele ya mwenyekiti wa baraza ambaye, mwisho wa yote, atalazimika kukuuliza wewe.

Tena nadhani unajua kwa nini njia hiyo inakupendeza. Tangu sheria ya mashauri dhidi ya Serikali iliporekebishwa mwaka 2020, anayetaka kuishitaki Serikali, hata ikiwa ni halmashauri tu, hana budi kutoa notisi ya siku 90, kumwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kulipeleka shauri lake Mahakama Kuu. Mstaafu atampata wapi wakili wa kumfikisha huko? Kumshitaki jirani ni rahisi, kukushitaki wewe ni ghali, na katikati ya urahisi huo na ughali huo mimi bado ni mpangaji.

Haya hayakunifika peke yangu. Uyole, ile njia panda ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela huachana na barabara kuu ya kwenda Zambia, ilikuwa juzijuzi tu mahali pa viazi, mahindi, ukungu na kituo cha utafiti wa kilimo; sasa barabara kuu inapanuliwa kuwa ya njia nne kutoka Nsalaga kuelekea Ifisi, na mwaka 2025 Uyole ikapewa jimbo lake la uchaguzi, hivyo kila hatua ya ardhi imepanda bei. Ardhi inapopanda bei, barua za toleo nazo huanza kuzaana. Sisemi ni kwa rushwa, sina ithibati. Nasema tu kwamba sijasikia bado kiwanja kisichotamaniwa na mtu kikitolewa mara mbili kwa bahati mbaya.

Mji huu ulianza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, na waliouanza walijua kupima, japo walipima kwa ajili yao wenyewe: ukipita Uzunguni leo utaona viwanja vipana, njia zilizonyooka na miti iliyopandwa kwa mstari, ilhali kwa Mwafrika walidhani inatosha aachiwe ajipange mwenyewe. Uhuru ulikuja, mwaka 2005 tukawa jiji, na kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022 watu wetu wameongezeka kutoka zaidi ya 380,000 hadi zaidi ya 540,000. Hao walioongezeka wamelala wapi? Wengi wao wamekwenda miteremkoni. Mwezi Aprili 2024 mlima Kawetere ulipomwaga tope lake Itezi na kufukia nyumba pamoja na majengo ya shule, tulisikia wakubwa wakiwalaumu wananchi kwa kujenga mahali pa hatari, kana kwamba mtu huuchagua mlima kwa kupenda mandhari. Yule aliyefuata utaratibu wenu, akalipia kiwanja kilichopimwa, mahali tambarare, mwenye bikoni na mhuri, ndiye huyu anayekuandikia kutoka chumba cha kupanga. Mkiwaona wengine wanakwepa utaratibu na kununua kwa ushahidi wa balozi wa nyumba kumi na karatasi ya daftari, msistaajabu, wamenitazama mimi.

Mwaka 2020 Waziri wa Ardhi wa wakati huo, William Lukuvi, mtu wa Iringa, alizifungua ofisi za ardhi katika mikoa ili hati zisifuatwe mbali. Lilikuwa jambo jema, nami nalishukuru. Ofisi ilisogea, jibu langu lilibaki palepale.

Ninalotaka si kubwa. Nataka jibu la maandishi, lenye jina na sahihi ya mtu, likisema kiwanja kile ni cha nani kwa mujibu wa daftari lenu. Ikiwa ni changu, mwenzangu apewe kingine chenye thamani ileile, mahali palipopimwa, wala si porini. Ikiwa ni chake, nipewe mimi kingine, pamoja na gharama ya msingi na matofali, ambayo sehemu yake imekwisha kuibwa. Na ile kodi ya ardhi mliyoitoza mara mbili irudishwe kwa mmoja wetu. Hilo naona ni aula lifanyike mwanzo, kwa sababu halihitaji mpima wala mfumo.

Hadi jibu hilo litakapofika, kodi ya ardhi ya mwaka huu silipi. Atakayekuja kuidai, anieleze kwanza ananidai kwa kiwanja cha nani.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Mbeya